Mkono Wangu Katika Ngoma ya Nyanya Yako

Sanyuanli, Guangzhou

Valli,

Kuta za chumba zimeanza tena kutoa jasho. Unaujua msimu huu, baridi inapokwisha na unyevu unapoingia mpaka ndani ya droo, nguo zikanuka ukungu na sakafu ikateleza kama imemwagiwa sabuni. Kigogo chetu cha kupigia mdundo kimevimba. Nikikipiga kwa kijiti kinatoa sauti ya mtu anayebisha mlango ambao hana hakika nao. Nimekifunga kwa kitambaa nikakiweka karibu na jiko, kama ulivyokuwa ukifanya, na sasa kiko pale nami niko hapa, nakuandikia, kwa sababu kuna neno nimelisema juu yako mbele ya watu na halikuwa kweli.

Lakini wewe na mimi tumelelewa Mombasa. Mtu haingii na shida yake kabla ya kupeana hali. Basi pokea hali kwanza.

Chumba cha ngoma bado kipo, juu ya lile duka la zipu. Laoban, mwenye duka hilo, bado anagonga dari kwa mpini wa ufagio wasichana wanapoanza kupiga miguu, na bado akikutana nasi kwenye ngazi anatuuliza kwa adabu kama tumekula. Lan ndiye mwalimu sasa. Yule Lan uliyempokea akiwa na sare ya shule na magoti yanayogongana, leo anasimama mbele ya watoto wa Kichina na wawili watatu wa Kihindi na kuwaambia wakae chini, chini zaidi, magoti nje, kwa sauti ambayo mara nyingine inanifanya nigeuke nikidhani ni wewe. Ameweka picha yako dirishani na hubadilisha chungwa lililo mbele yake kila linaponyauka. Nduguyo alikuja akachukua majivu yako akayapeleka nyumbani, akayatia majini kwenye pwani uliyoitaka. Mimi sikwenda. Nilisema ni goti. Goti lilikuwa linauma, ni kweli, lakini ningeweza kwenda.

Sikujua hata dua gani nikuombee. Za kwangu nilizisoma kimyakimya kwenye kona ya ile sebule ya hospitali, nikijiambia kwamba ulikuwa ukizisikia zikisomwa jirani tangu utotoni na haziwezi kukuudhi.

Salim wa ofisi ya mizigo pale chini anakusalimu, kama anavyojua yeye kusalimu. Kila akiniona na kijiti mkobani huniambia, "Bi Mkubwa, na uzee huu Wahindi washakutwaa?" Namjibu wamenitwaa zamani, na mtu wa kwenda kunikomboa hayupo. Zamani alikuwa akikutania wewe hivyohivyo kwa upande wa pili, kwamba Waswahili wamekutwaa, nawe ukimjibu kwamba hukutwaliwa, ulizaliwa mateka.

Nakumbuka siku niliyokupata. Ilikuwa Zhongda, kwenye yale maduka ya vitambaa yasiyo na mwisho, nimekwenda kumkalimania mfanyabiashara wa Nairobi aliyekuwa akitafuta pazia. Nikasikia nyuma ya mabunda mtu ananung'unika, "Hariri gani hii yanuka plastiki? Wanifanya mimi mtoto?" Nikazunguka bunda. Nikamkuta mwanamke wa Kihindi mwenye mvi zilizosukwa mkia mmoja mrefu, anakwaruza kitambaa kwa ukucha. Nikakuuliza watoka mtaa gani. Ukaniambia Makadara, kisha ukanitazama chini mpaka juu ukasema, "Na wewe wa Kibokoni, nakusikia." Tulikuwa tumeishi katika mji mmoja tukiwa wasichana na hatukuwahi kuonana, mpaka tukaja kuzeekea huku, mimi nimeletwa na mume na sasa nimebaki kwa mwanangu, wewe umeletwa na mume wa vitambaa ambaye naye alitangulia.

Ulikuwa ukifundisha ngoma ile na kupiga kijiti wewe mwenyewe, na ulilalamika kwamba huwezi kumsahihisha mtoto bega huku mkono mmoja una kazi. Ukaniuliza kama nimewahi kushika kijiti. Nikakwambia nimekulia kwenye vugo, nyuma ya Shangazi Mwanaidi, tukipiga pembe za nyati harusini pamoja na wanawake wenzetu mpaka viganja vinawaka. Ukacheka. "Basi mikono iko. Yaliyobaki ni masikio."

Masikio yalichukua muda. Katika ngoma yenu kijiti ndicho sheria ya miguu, nami nilizitamka zile silabi, ta-ka-di-mi, ta-ki-ta, kwa ulimi wa Kibokoni, watoto wakacheka. Lakini kosa langu kubwa halikuwa la ulimi. Lilikuwa pale mwisho wa kipande. Mkono wangu, kabla ya pigo la kufunga, ulikuwa unasita. Kidogo tu, kama mtu anayevuta pumzi. Ndivyo Shangazi alivyotufunza: usitue pigo la mwisho mpaka bibi harusi ainue mguu wa kuvuka kizingiti. Mngojee. Hakuna aliyeniambia kwamba mkono ukishajifunza kumngoja bibi harusi utamngoja kila mahali, hata asipokuwepo.

Wewe ulilisikia siku ile ile. "Mwana, mkono wako walewa," ukaniambia. Ukawa unakaa ubavuni pangu, na kila tulipokaribia mwisho ulikuwa unanibonyeza goti kwa vidole viwili, bila kuacha kuwatazama watoto, na pigo langu likatua mahali pake. Miaka yote ile. Nilidhani nimepona. Kumbe nilikuwa nimeshikiliwa.

Kuhusu nyanya yako uliniambia kidogo kidogo, mara nyingi tukiwa tunakunja ile hariri kutengeneza kipepeo cha marinda mbele ya vazi la ngoma, mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini. Kwamba katika nchi ya Watamili, alipokuwa mtoto, alifungwa uzi wa kuolewa na mungu wa hekalu, na kwa kuwa mume huyo hafi, hakuwa mjane hata siku moja, na watu wazima walimwita aanze kutunga mkufu wa bibi harusi ili bahati yake iwaguse. Kwamba nyumba yao ilirithiwa na mabinti. Kwamba walicheza mbele ya mungu, na kwenye maandamano, na kwenye kumbi za wenye mashamba, na kwamba hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuja kuwaponza, kwa sababu wenye mashamba hawakuishia kutazama. Kisha wakaja wamisionari, wakaja na wapenda mageuzi wa palepale, wakasema ngoma hii ni aibu na wanawake hawa ni aibu, na mwishowe sheria ikaifunga desturi yenyewe. Nyanya yako akabaki na njuga zake kwenye kopo la unga.

Na papo hapo, wakati mlango wake unafungwa, mlango mwingine ukafunguliwa upande wa pili wa mji. Wasomi wa nyumba zenye heshima waliamua ngoma isife. Walijifunza kwa walimu wale wale wa zamani, na wengine kwa wanawake wale wale. Wakaipa jina jipya, Bharatanatyam, jina lenye harufu ya vitabu vya kale. Wakaitoa hekaluni wakaipandisha jukwaani, na ili isionekane imeliacha hekalu wakaweka sanamu ya mungu kwenye kona ya jukwaa. Wakapunguza mapenzi ndani yake, wakaongeza ibada. Mabinti zao wakacheza, na ulimwengu ukapiga makofi.

Nimesoma vitabu vya pande zote mbili tangu nikujue, unanijua kwa kusoma, na siwezi kusema wasomi wale walikuwa wezi tu. Bila wao Lan asingekuwepo. Bila wao wewe usingepata pa kwenda ulipopelekwa Madras kusomea ualimu na ukajiandikisha kwa siri kwenye darasa lao, ambapo mwalimu alikukemea usitabasamu kwa jicho. Lakini nakumbuka ulichoniambia nyanya yako alikisema alipoliona tangazo la onyesho lenye lile jina jipya. "Wamemwogesha mwanangu wakampa jina, na mimi kwenye arobaini sikualikwa." Kwa Kitamili sijui alisemaje. Wewe ulinipa kwa Kiswahili, nami ndivyo nilivyobaki nalo.

Baba yako alimleta Mombasa alipopata ukarani bandarini, akamkataza kutaja habari ile. Naye alikufundisha wewe jikoni, mlango umefungwa, baba akiwa kazini: ile ngoma ndefu moja tu, varnam ya nyumba yao. Mwanamke anamwimbia bwana wake kwa mikono na uso, anamlaumu, anambembeleza, na kila baada ya maneno miguu inaingia peke yake na kijiti. Ulinieleza mwisho wake mara nyingi, kwa sababu ya mkono wangu mlevi. Pale mwisho mwanamke ameshaomba vya kutosha. Nyanya alisema pigo lile liwe kama kufunga mlango, lisiwe kama kuuegesha.

Sasa naingia kwenye shida yangu.

Ulipolazwa, Lan alikuwa amefika kwenye kipande cha mwisho cha miguu na hajakimaliza. Ulimtamkia silabi kitandani, vidole vyako vikigonga ukingo wa godoro, nami nikizirudia ili azisikie vizuri. Wauguzi walidhani tunaomba. Halafu pumzi zikawa hazitoshi silabi, ukawa unagonga tu. Halafu ukaacha kugonga.

Baada ya msiba Lan alinijia. Ananiita Popo, kama watoto wote wa hapa wanavyowaita bibi zao. Akasema, "Popo, wewe ndiye uliyebaki. Piga tu. Miguu yangu itafuata." Nikakaa chini, nikaweka kigogo mbele yangu, nikapiga. Tulipofika pale mwisho hakuna aliyenigusa goti.

Ningependa kukuambia sikujua. Siku ya kwanza sikujua, hilo ni kweli. Siku ya pili nilisikia. Mguu wa Lan ulisita hewani, kisigino kikaning'inia, njuga zikanyamaza zote kwa pamoja, kisha kikashuka. Valli, ilikuwa nzuri. Mwili wangu wote ulimwona Shangazi Mwanaidi kwenye mlango wa harusi, jasho likimtiririka, mkono umeinuliwa. Nilikuwa sijamwona tangu nitoke kwetu. Nikajiambia nitarekebisha kesho. Na kesho yake nikapiga vilevile, kwa kukusudia.

Wakati wa baridi alikuja mgeni wako, Hema wa Chennai, ile Madras yako ya zamani, yule mliyekuwa mkiandikiana na hamkuwahi kuonana. Unajua kazi yake ni kuzunguka vijijini kuwatafuta wanawake waliobaki wa nyumba zile, kabla hawajaisha, na kuuliza walicheza vipi. Alikuja kwa ajili ya varnam ya nyanya yako. Lan alivaa ile hariri tuliyomaliza kuikunja wewe ukiwa mgonjwa, nami nikapiga kijiti. Kwenye mwisho ule, kisigino kilipobaki hewani, nilimwona Hema akishika mdomo.

Tulipomaliza, akasema, "Kusita kule sijakuona popote. Shule zote zinafunga palepale. Hii ni ya nyumba ya nyanya yake? Ndivyo Valli alivyofundisha?"

Lan alinigeukia, uso wote unang'aa kwa jasho na furaha.

Nikasema, "Ndiyo."

Nimejiuliza kwa nini. Kulikuwa na uso wa Lan. Kulikuwa na nyanya yako, ambaye kwa mara ya kwanza mtu amepanda ndege kuja kumuulizia. Lakini sitaki kujificha nyuma ya watu wengine. Uliokuwa ukisifiwa ni mkono wa shangazi yangu, na mtu aliyesoma alikuwa ameutazama mkono huo akashika mdomo. Nilitaka kuusikia ukisifiwa kidogo zaidi, hata kwa jina la mtu mwingine. Yale waliyofanyiwa kina nyanya yako, ya kuchukua kitu kipya na kukiita cha kale, niliyasomea vitabu na kuyakasirikia, kisha nikayafanya mimi mwenyewe nikiwa nimeketi sakafuni kwako.

Hema aliporudi kwao alikwenda kijiji kimoja kwa mama mzee sana, wa nyumba iliyo na undugu na ya nyanya yako, akamwonyesha Lan kwenye simu. Kisha akatuandikia: mama alitazama, akalia, akasema, "Ndivyo mama alivyofanya." Hema akasema anataka Lan aende Chennai, acheze mbele ya wazee wale. Lan aliinua simu mbele ya picha yako dirishani ili nawe uone. Mimi nilikwenda jikoni kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Hapo ndipo nilipoogopa. Uongo wangu ulikuwa umevuka bahari na kuingia kwenye kumbukumbu ya mtu na mama yake. Nilijisemea usiseme, umwachie bibi kizee wa watu furaha yake. Unaona jinsi nilivyo hodari wa kutafuta huruma inayonifaa.

Kilichonitoa pale ni Lan mwenyewe. Jumamosi moja nilimsikia akiwafundisha watoto kipande kile. Akawaambia, "Hapa mguu unangoja, kwa sababu mwanamke huyu bado anangoja. Bado anatumaini bwana wake atarudi. Nyanya ya mwalimu wetu alikuwa mwanamke mvumilivu sana."

Mvumilivu. Nyanya yako, wa kopo la unga, ambaye hakualikwa arobaini. Nilikuwa nimemfungulia ule mlango alioufunga, nikamsimamisha hapo, nikamfanya aendelee kungoja. Wasomi wale walimwondolea mapenzi. Mimi nilimwondolea hasira.

Watoto walipoondoka nikamwambia Lan yote. Harusi, pembe za nyati, shangazi, goti. Aliketi sakafuni akafungua njuga moja moja, hakuwa na haraka. Akasema, "Kwa hiyo tangu mwalimu afe nimekuwa nikicheza harusi ya Mombasa."

Sikucheka, naye hakucheka.

"Popo, ulijua?"

"Nilijua."

Akaziacha njuga pale sakafuni akashuka. Nilimsikia laoban wa zipu akimuuliza kama amekula. Hakumjibu, na unajua Lan alivyolelewa.

Hakuja siku kadhaa. Watoto walikuja wakakuta mlango umefungwa, wazazi wakanipigia simu, nikawaambia mwalimu ana mafua. Uongo mwingine, mdogo, umetoka bila hata kuuita. Aliporudi alibadilisha chungwa lako kwanza, ndipo akanitazama. "Mwambie Hema," akasema. "Mimi sitamwambia kwa niaba yako."

Nikampigia. Nyuma yake kulikuwa na honi na muuza kitu anaita. Nikamwambia yote.

"Nimeshamwonyesha yule mama," akasema.

"Najua."

"Alilia, Mwana."

"Najua alilia."

Akasema habari kama hii haisemwi kwa simu, atakwenda kumwambia mwenyewe. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Nilingoja. Nilipika, nikakalimania watu wangu pale chini, nikaenda Zhongda na Lan kutafuta kitambaa cha watoto na hatukuzungumza njia nzima kwenye treni. Nilifikiria yule mama kule kijijini anaelezwa kwamba alichokililia ni mkono wa bibi kizee wa Kiswahili asiyeweza kutulia.

Halafu Hema akatuma sauti. Tulisikiliza pamoja, mimi na Lan, simu iko juu ya kigogo. Kwanza ni kicheko, kikavu, cha mtu asiye na meno. Kisha maneno, na Hema akayafasiri. Mama alisema alijua tangu mwanzo kwamba mwisho ule si wenyewe. "Lakini mtu ametoka mjini na jua lote lile kuja kuniuliza mama yangu alicheza vipi. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza. Alikuwa anataka sana niseme ndiyo. Ningeanzaje kumwambia la?"

Nikaona haya mpya juu ya zile za zamani, maana nililijua lile ndiyo. Lilikuwa ndugu wa langu. Lakini lake lilitoka kwenye njaa. Langu lilitoka kwenye shibe, kwa mtu aliyeketi miaka yote ubavuni pako na akaambiwa kila kitu.

Halafu yule mama akaomba kitu cha kupigia. Unasikia watu wanahangaika, kitu kinaanguka, kisha anapiga, nadhani ni mfuniko wa sanduku, na anatamka silabi kwa ule mdomo mtupu, ta-ka-di-mi, taratibu, kipande kirefu, mahali pengine anasahau anarudi nyuma. Mwishoni hakusahau. Mwishoni hakungoja mtu. Pigo lilitua palepale, likafunga.

Lan alinishika mkono bila kunitazama. Ulikuwa sawa, Valli. Ulichofundishwa jikoni kilikuwa sawasawa na kile, na wewe hukupata kumsikia yule mama.

Ndivyo mambo yalivyo sasa. Sijui kama Hema atatuamini tena, ingawa ameandika kwamba Lan bado anaalikwa, akishajifunza upya. Na kujifunza upya ni kugumu kuliko nilivyodhani. Kisigino chake bado kinaning'inia. Anakijua, anakilaani kwa Kikantoni, na kinaning'inia. Kuna mtoto mmoja anayesita vizuri kuliko wote na hakubali kwamba ni kosa, anasema ndivyo Popo anavyopiga. Nikisikia hivyo moyo unanyanyuka kabla sijauzuia, na hilo nalo nimeona nikuambie.

Lan ameniuliza kama nitamfundisha vugo, mbali na ngoma yenu, siku yake na kwa jina lake. Nimesema nitafikiri. Kwanza kipande hiki.

Jana alileta ule mto wako wa kukalia akauweka ubavuni pangu. Akaketi. Akasema, "Wapi hasa?" Nikamwonyesha. Nikapiga kipande chote, nikakaribia mwisho, nikausikia mkono wangu ukianza kumtafuta bibi harusi, na vidole viwili vikanibonyeza goti. Vya baridi, vigeni, vikali kuliko vyako. Pigo likatua.

Nikaweka kijiti chini. Kisha akasema, kwa kile Kiswahili cha maneno machache ulichomfundisha kwa utani, "Mkono walewa." Tukaanza tena.

Nenda salama, dada yangu. Nimekaa na neno lako vibaya, na sina wa kumwomba radhi isipokuwa wewe na nyanya yako, ambaye nimemweka mlangoni muda mrefu. Nakuahidi nitapiga mpaka mguu wa Lan ushuke wenyewe, na wa wale watoto wote, hata yule mbishi. Na akija mtu akauliza kitu hiki ni cha nani, nitamwambia cha nani, hata kama uso wake unaomba jibu lingine.

Kigogo kimekauka sasa, nimekigonga kidogo. Nausikia mguu wa Lan kwenye ngazi, na laoban anamuuliza kama amekula. Anamwambia amekula.

Wako,
Mwana